Mashuka Arobaini na Mawili

Dobi wa hospitali alianza kumshuku karani wa masijala kwa sababu ya kidole.

Ilikuwa Jumanne, asubuhi yenye upepo mzuri wa kuanikia. Alikuwa amebana shuka la mwisho kwenye kamba ya sita alipoinua kichwa na kumwona mwanamke amesimama kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, ng'ambo ya ua. Mkono ulikuwa juu, kidole kinatembea hewani kutoka kushoto kwenda kulia, midomo inacheza. Kidole kikifika mwisho wa kamba kilishuka kidogo, kikaanza kamba nyingine. Kisha mwanamke akatoweka. Baada ya dakika kama ishirini akarudi, na kidole chake.

Dobi hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa amefua katika hospitali ile kwa miaka ishirini na minane, na alijua shuka la wodi gani linachakaa upande gani. Lakini mwezi ule mashuka matatu yalikuwa hayaonekani, na tangu hapo kila aliyekatiza uani alikuwa na neno la kumrushia. "Dobi, siku hizi kwako mnalala kama wagonjwa, eh?" Yeye alicheka nao, kicheko cha juu juu. Sasa akaona mambo yamefika mbali. Wamemwekea mtu wa kumhesabia.

Jumatano akamchunguza kwa saa ya mkononi. Mara tatu kwa saa moja, bila kukosa. Alhamisi akavua aproni, akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa masijala.

"Bosi, kama mna shaka na mimi, niulizeni mimi. Msiniwekee askari dirishani."

"Askari gani?"

"Huyo dada wa madaftari. Ananihesabia mashuka mara tatu kwa saa. Nimempima."

Mkuu wa masijala, mwanamume mwembamba aliyetembea na kalamu tatu mfukoni, aliweka mezani karatasi aliyoshika. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu aliyepewa jibu la swali lingine kabisa.

"Mara tatu kwa saa," alisema. "Na mimi najiuliza makosa yanatoka wapi."

Dobi akashuka ameridhika. Mchana alipotazama juu, meza ya karani ilikuwa imegeuzwa kuelekea ukutani, na kesho yake akaletewa pazia zito la kahawia, limejaa vumbi, alifue haraka likatundikwe kwenye lile dirisha.

Jumatatu akalipeleka mwenyewe. Hapo ndipo alipomwona kwa karibu, kwa mara ya kwanza, mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Madaftari.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara, sweta limetundikwa nyuma ya kiti. Ukutani, juu ya rafu, yalipangwa madaftari makubwa arobaini ya wodi ya uzazi. Kila mtoto aliyezaliwa pale kabla ya kompyuta kuletwa aliandikwa humo, na kazi ya karani ilikuwa kuwahamisha wote, mmoja mmoja, kuwaingiza kwenye mashine. Kila siku alikuja mtu kwenye kidirisha cha chini kutafuta uthibitisho kwamba alizaliwa: wa kustaafu, wa pasi ya kusafiria, wa kurithi shamba.

Alikuwa ameinamia skrini hadi paji la uso linakaribia kuigusa. Feni ya mezani ilimpulizia usoni. Daftari lilikuwa limelala bapa upande wa kushoto, kwa hiyo shingo ilikuwa inashuka na kupanda, inashuka na kupanda. Nyuma ya miwani ya kununuliwa kando ya barabara, macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu tangu alfajiri.

"Karibu, kaka. Lipandishe tu, hunisumbui."

Dobi akapanda juu ya kiti. Akashika fimbo ya pazia, akaiachia.

"Dada, niulize kitu?"

"Uliza, ila usianguke."

"Nani alikutuma unihesabie mashuka?"

Vidole viliacha kibodi. Karani akageuka, akamtazama mtu yule mzima juu ya kiti amekumbatia pazia, akacheka hadi akavua miwani.

"Macho," alisema. "Macho ndiyo yaliyonituma. Kumbe ni wewe uliyepeleka mashtaka?"

"Ni mimi."

"Basi keti. Kama utanifungia dirisha, ulifunge ukijua."

Akamweleza bila kinyongo, akifuta miwani kwa ncha ya sweta. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, mpiga chapa katika ofisi ya mahakama, kwenye mashine nzito ya chuma iliyohitaji watu wawili kuihamisha. Alipiga chapa miaka ishirini na mitatu na jicho halikuwahi kumuuma. Walipomletea kompyuta, miezi kadhaa tu, akaanza kutoka kazini kichwa kinagonga, macho yanawasha kama yametiwa mchanga, na herufi zinaelea.

"Nikajiuliza, kazi ni ile ile, macho ni yale yale, kimebadilika nini? Nikakaa nikaikumbuka ile mashine. Ilikuwa na huruma bila kujua. Mstari ukiisha kengele inalia, unasukuma kigari. Ukurasa ukiisha unatoa karatasi, unapanga kaboni, unaingiza nyingine. Utepe ukififia unasimama kwenda stoo, njiani unasalimia watu. Kila mara jicho linaondoka kwenye herufi. Sasa hii," akagonga skrini kwa ukucha, "haina mwisho wa karatasi. Unashuka tu, unashuka tu. Naketi saa mbili, nikija kushtuka ni saa sita."

"Na hupumziki?"

"Hata kupepesa nilikuwa sipepesi. Binti yangu alikuja siku moja kuchukua ufunguo, akasimama hapo mlangoni. Akaniambia, mama, unaitazama hiyo kompyuta kama unaogopa itakimbia."

Kwa hiyo akajitengenezea mwisho wa karatasi. Ukurasa mmoja wa daftari ulimchukua dakika ishirini. Ukiisha, anasimama, anaenda dirishani, anatazama mbali.

"Lakini kutazama hewa ni kazi ngumu, kaka. Nusu dakika, mawazo yananirudisha mezani. Nikatafuta kitu cha mbali cha kunishika. Nikayaona mashuka yako."

"Yako mangapi?"

"Arobaini na mawili. Nikipata arobaini, au arobaini na manne, najua jicho bado halijapoa, nahesabu upya. Kwa hiyo ukinipeleka mahakamani kuwa shahidi wako, kesi utashindwa."

Dobi akajikuta anacheka. Kisha akauliza lile lililomkaa rohoni tangu Alhamisi. Makosa aliyoyataja bosi ni makosa gani?

Karani akaacha kucheka. Akavuta daftari, akalifungua katikati. Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai, na mwandiko umelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Wote ulikuwa wa mkunga mmoja, aliyeyaandika madaftari yale peke yake kwa miaka ishirini na sita, na sasa ni marehemu.

"Saba yake ina mkia. Nane yake haifungi juu. Nimekaa na mwandiko huu miaka sita, naujua kuliko wangu. Lakini macho yakichoka, ile nane isiyofunga inakuwa tatu. Mwezi uliopita bosi alilinganisha kurasa tano, akapata makosa kumi na moja. Mtu wa tarehe nane nimemzalisha tarehe tatu." Akafunga daftari taratibu. "Wiki ijayo, Ijumaa, atalinganisha tano nyingine. Yakizidi kosa moja, madaftari yote yanaenda kwa wapiga chapa wa mkataba."

"Si watakupunguzia mzigo?"

"Wao wana maelekezo yao. Wasichoweza kusoma wanaandika HAISOMEKI, wanapita. Niliona kazi yao ya wodi nyingine. Ukurasa wa mistari thelathini, tisa haisomeki. Hao ni watu tisa, kaka. Siku moja watakuja pale chini kwenye kidirisha, wataambiwa hawakuzaliwa."

Akamtazama. "Wewe ulizaliwa hapa?"

Dobi akalitaja jina la mama yake, na mwaka. Karani alivuta daftari moja, akalirudisha, akavuta lililotangulia. Kidole kikashuka kwenye ukurasa. Dobi alichungulia, akaona nyuzi za kutu tu.

"Huyu hapa. Mtoto wa kiume, saa kumi na moja alfajiri, kilo tatu kasoro robo. Mkunga ameongeza: amelia mara moja, akanyamaza." Akanyanyua uso. "Umejipunguzia miaka miwili."

"Punguza sauti," dobi alisema. "Mke wangu yuko jikoni hapa hapa hospitali."

Aliteremka kwenye kiti, pazia bado mikononi.

"Hulitundiki?"

"Lina doa."

"Doa liko wapi?"

"Nitaliona nikifika chini."

Kabla ya kufika chini alipita kwa mkuu wa masijala. Haikuwa rahisi, alisimama mlangoni akikunja pazia mara nne, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema alikuwa ameleta mashtaka bila kuuliza, na yule mama hahesabu mashuka, anapumzisha macho ili asome vizuri.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Meza yake irudi dirishani, bosi."

Mkuu alichezea kalamu zake. "Meza aiweke anapotaka. Ijumaa ya wiki ijayo iko pale pale. Na pazia nalitaka."

"Likikauka tu."

Pazia lile halikukauka. Jua liliwaka siku tano mfululizo, na mkuu alipotuma mtu kuliulizia, jibu lilikuwa moja: bado bichi, kitambaa kizito, unyevu uko kwa ndani.

Ni dobi pia aliyegundua jambo ambalo karani mwenyewe aliona haya kulikubali. Kwa miaka sita alikuwa amefanya kazi ghorofa moja juu ya kliniki ya macho, na hajawahi kuingia. Dobi alipeleka makoti safi mle kila Jumatano.

"Naona kama ni kuwapotezea muda," karani alijitetea. "Wana wagonjwa wa kweli. Mimi nina uchovu tu."

"Na miwani hiyo nani alikupimia?"

"Muuzaji. Alinipa gazeti nisome."

"Ulilisoma wapi?"

Karani akaweka kiganja mbele ya uso wake, pale mtu anaposhikia gazeti. Kisha akaitazama skrini ilivyo mbali, akaelewa kwa nini siku zote alikuwa anaifuata kwa paji la uso.

Waliteremka hadi kliniki na kipande cha kamba ya kuanikia. Karani ndiye aliyekuwa na wazo hilo, na ni la mtu aliyezoea kufanya kila kitu kwa kipimo: kabla ya kushuka alishika ncha moja kwenye pembe ya jicho lake, dobi akaivuta hadi kwenye skrini, wakafunga fundo, wakaivuta hadi kwenye daftari, wakafunga fundo la pili. Mpima macho, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliipokea kamba ile, akaigeuza geuza.

"Mama, nimepima watu wengi. Hakuna aliyeniletea macho yake kwenye kamba."

Alimpima kwa makini. Ugonjwa hakuuona. Aliona macho ya umri wake, makavu, yanayofanyishwa kazi na miwani ya umbali mwingine. Akaandika miwani ya umbali wa fundo la skrini. Akamwambia alisimamishe daftari wima, karibu na skrini, lifike kwenye fundo hilo hilo, jicho lisiwe linahama mbali na karibu siku nzima. Feni asiielekeze usoni. Skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, herufi zikuzwe, dirisha liwe ubavuni, si mbele wala mgongoni. Na apepese kwa makusudi, hadi mwili ukumbuke wenyewe.

"Na kutazama mbali?" karani aliuliza.

"Hilo endelea nalo. Nani alikufundisha?"

"Taipureta."

Mpima macho alisubiri maelezo, hayakuja. Akamwambia jambo la mwisho kwa uzito zaidi: macho yakiuma hata baada ya kupumzika, au akiona giza au mwanga unaomulika, asingoje Jumatano ya dobi. Ashuke siku hiyo hiyo.

Kitu cha kusimamishia daftari hakikupatikana ofisini. Kilipatikana chumba cha kufulia: kile kibao chembamba cha kupigia pasi mikono ya makoti. Dobi alikisimamisha juu ya meza, akakifunga kwa waya, akalibana daftari kwa vibanio vinne vya nguo. Mpiga pasi, ambaye ndiye hasa mwenye kibao, aliuliza mikono ya madaktari ipigwe pasi wapi.

"Wakunje," dobi alimjibu.

Ijumaa ile karani alimwita kutoka dirishani. "Kaka, umeniharibia. Nimeyazoea. Arobaini na mawili nayapata hata nikifumba macho."

Dobi alikaa na jambo hilo Jumamosi na Jumapili. Jumatatu, katikati ya weupe wote ule, alianika kitambaa kimoja cha kijani cha chumba cha upasuaji. Karani alipokuja dirishani kidole kilianza safari yake, kikasimama. Akaonyesha vidole vitatu, kisha vitano: kamba ya tatu, nafasi ya tano. Dobi akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akakihamisha. Tangu siku hiyo kila ukurasa ulioisha kule juu, kitambaa kilikuwa mahali pengine huku chini. Mashuka matatu yaliyopotea yalionekana wiki hiyo hiyo, yamekunjwa ndani ya kabati la chumba cha plasta, na dobi alisahau hata kuwasimanga waliomtania.

Miwani mpya ilifika Jumatano. Alhamisi karani alisema kichwa hakijagonga tangu asubuhi, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kukiamsha.

Ijumaa ikaamka na mvua.

Haikuwa manyunyu. Ilishuka tangu alfajiri, kamba zote sita zikining'inia tupu, ua umegeuka dimbwi. Saa mbili dobi alisimama chini ya ukingo wa paa, akaona taa ya masijala ikiwashwa, na kivuli chembamba cha mkuu kikiweka daftari juu ya kibao cha pasi.

Dakika ishirini zikapita. Karani akaja dirishani. Alitazama kamba tupu.

Dobi alijua kuwa jicho halichagui. Tangi la maji lingetosha, geti lingetosha, mvua yenyewe ingetosha. Karani pia alijua, yeye ndiye aliyemfundisha. Hata hivyo dobi aliingia ndani, akatoka na kitambaa cha kijani, akaivuka ile mvua hadi kamba ya nne, akakibana.

"Mzee," mpiga pasi alimwita kutoka mlangoni, "leo unaanika mvua?"

"Nasuuza."

Juu, dirishani, vidole vinne vikainuka, kisha viwili. Dobi akaitikia, maji yakimchuruzika kisogoni.

Ukurasa wa pili, kamba ya kwanza. Ukurasa wa tatu, kamba ya sita, mwisho kabisa. Safari hiyo karani alikaa muda mrefu. Nyuma yake mkuu alikuwa amesimama, ametazama saa, midomo inasema kitu. Karani hakugeuka. Alifumba macho, akayafumbua, akatazama tena, na vidole havikuinuka. Dobi pale chini alishika kamba kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo iliyobeba kila kitu. Kazi ya miaka sita ilikuwa mikononi mwa mama yule, na bosi anamharakisha, na yeye hakukubali kurudi kwenye mistari ile na jicho ambalo bado halijawa tayari. Hatimaye vidole sita, kisha saba. Akarudi kuketi.

Saa nane mchana mkuu wa masijala aliteremka mwenyewe, na mwavuli. Alimkuta dobi amevaa koti la kuazima, anajikausha karibu na pasi.

"Kosa moja," mkuu alisema.

Mpiga pasi aliacha kupiga pasi.

"Uzito wa mtoto. Kilo tatu na nusu, ameandika tatu na robo."

"Moja linaruhusiwa, bosi."

"Linaruhusiwa." Mkuu alikung'uta mwavuli. "Halafu sikuliona mimi. Mimi nililipita. Ni yeye aliyenirudisha, akasema, hapa nimekosea. Ningempa kurasa safi tano, akakataa." Akauegemeza mwavuli ukutani. "Madaftari yanabaki. Na pazia langu?"

"Bado bichi," dobi alisema. "Na leo mvua."

Iliyachukua madaftari yale mwaka na miezi minne kumalizika. Neno HAISOMEKI limo mara sita tu katika yote arobaini, na kila lilipo, karani ameandika pembeni ni herufi zipi alizoziona na zipi alizozikosa, ili mwenye macho bora kuliko yake aanzie hapo. Kibao cha pasi hakikurudi chini. Mpiga pasi alitengenezewa kingine. Na saa nne asubuhi, mtu akikatiza ua siku ya jua, ataona watu wawili kwenye dirisha lisilo na pazia, mwanamke mwenye sweta na mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, wote wametazama kwenye kamba. Mwanamke ndiye huonyesha vidole. Mwanamume bado anatafuta.